Muvi ya Lanthimos yenye stori tatu: ya kwanza naipenda sana, ya tatu siwezi kuitetea

Nimeiangalia mara mbili sasa hii Kinds of Kindness na kila mtu anayeniuliza kama aitafute au aachane nayo nashindwa kumpa jibu la neno moja, maana humo ndani kuna kitu kizuri kabisa, kizuri cha kunikosesha usingizi, na humo humo kuna kipande kilichonifanya nizime TV nikaenda kukaa barazani peke yangu usiku. Kwa hiyo naandika yote, na nitasema mambo ya ndani, asiyetaka kujua mwisho aishie hapa akaangalie kwanza halafu arudi.

Muongozaji ni Yorgos Lanthimos, yule Mgiriki wa Dogtooth ya 2009, The Lobster ya 2015 na Poor Things ya 2023 iliyompa Emma Stone Oscar ya pili. Sasa wengi tulitoka kwenye Poor Things tukiwa na njaa ya nyingine kama ile, rangi zile, kicheko kile, na miezi miwili tu baada ya Oscar zile za Machi 2024 huyu bwana akaenda kwenye tamasha la filamu la Cannes na hii hapa, dakika 164, stori tatu ndani ya muvi moja, waigizaji wale wale wanarudi kwenye kila stori wakiwa watu wengine. Emma Stone yumo, Jesse Plemons, Willem Dafoe, Margaret Qualley, Hong Chau, Mamoudou Athie, Joe Alwyn. Ukija unatafuta Poor Things nyingine utaumia. Na sababu ipo wazi ukiangalia nani kaandika: Poor Things iliandikwa na Tony McNamara, ambaye hata kwenye The Favourite, muvi nyingine ya Lanthimos, alikuwepo, na huyo ana ucheshi wenye damu moto, anawapenda watu wake. Hii Lanthimos kaiandika na Efthimis Filippou, mwenzake wa tangu Dogtooth, na hawa wawili wakikaa pamoja wanatoka na barafu. Watu wanaongea kama wanasoma risiti. Hakuna anayelia kwa sauti hata akiwa anakatwa. Mi hiyo barafu naipenda, nisiseme uongo, lakini ina gharama yake na nitaifikia.

Stori ya kwanza. Plemons anaitwa Robert, anafanya kazi kwa Raymond ambaye ni Dafoe, na Raymond anampangia kila kitu, na nikisema kila kitu namaanisha anaandikiwa ale nini asubuhi, avae nini, asome kitabu gani, alale na mke wake lini. Uzito wake pia unapangwa, kuna kipande bosi anamlalamikia kwamba amekonda na wanaume waliokonda hawamfurahishi. Huyo mke mwenyewe kumbe alipatikana kwa mpango wa Raymond, na watoto hawana kwa mpango wa Raymond pia. Zawadi anazopewa ni vitu vya wanamichezo maarufu, kama raketi ya tenisi aliyoivunja John McEnroe kwa hasira, na Robert anavitunza kama mtu anavyotunza cheti cha ndoa. Halafu siku moja bosi anamwambia gonga gari la mtu fulani, ligonge kwa nguvu, na mtu huyo anaweza kufa. Robert anagonga mara ya kwanza kwa woga, bosi hajaridhika, anataka irudiwe kwa spidi zaidi, na hapo ndo Robert kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo anasema hapana.

Sasa, muongozaji mwingine hapo angekupeleka kwenye kisasi, bosi angetuma watu, kungekuwa na risasi na kukimbizana. Hapa Raymond anamwambia tu sawa, uko huru. Basi. Anamfungia mlango, simu hapokei, na adhabu ni hiyo hiyo. Na unamwona Robert anavyoporomoka, mtu mzima mwenye nyumba nzuri na gari zuri, anaingia baa hajui hata aagize kinywaji gani kwa sababu hajawahi kuchagua. Plemons hafanyi kelele yoyote, uso tu unakuwa kama wa mtoto aliyeachwa stendi na gari limeshaondoka. Kwa hii muvi alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume pale Cannes na mi nakubaliana nayo mia kwa mia, hata kama angecheza stori hii moja peke yake.

Niwaambie kwa nini ilinishika hivi. Niliwahi kufanya kazi miaka minne kwa bosi mmoja, simtaji, biashara ya vifaa vya ujenzi, na kila Jumapili saa tatu usiku alikuwa ananitumia meseji ya wiki nzima: Jumatatu kaa kaunta, Jumanne vaa nguo ya heshima kuna wageni, fulani usiongee naye, chakula cha mchana toka saa nane sio saa saba. Nilikuwa namchukia, nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu tumbo linauma. Nikaacha kazi. Na Jumapili za mwanzo baada ya kuacha nilikuwa naishika simu saa tatu, nasubiri, ikifika saa nne hakuna kitu nahisi kama kuna kosa nimefanya, na Jumatatu naamka sijui nivae nini wala naenda wapi. Sikumwambia mtu yeyote hilo, hata mume wangu, niliona aibu, mtu unamlilia vipi aliyekuwa anakutesa. Halafu miaka inapita nakaa sebuleni Tabata naangalia Mgiriki ambaye hanijui ananionyesha kitu kile kile kwenye uso wa mzungu mmoja anayeshindwa kuagiza kinywaji. Nikasimamisha muvi. Mume wangu akauliza vipi, nikamwambia yote pale pale.

Ndo maana mwisho wa stori hii unaniuma kuliko damu zote zinazokuja baadaye. Robert anamtafuta yule mtu hospitalini ambako kalazwa, anamtoa, anamlaza chini na anampitia na gari, anarudi nyuma, anampitia tena, ili tu arudishwe. Na anarudishwa. Raymond anamkumbatia na unaona kabisa kwamba huyu mtu amepumzika, amefika nyumbani. Hakuna muziki wa kukuambia uhuzunike. Lanthimos anakuacha na hilo kumbatio na wewe mwenyewe unajua umeona nini.

Kuhusu muziki niseme kidogo hapa hapa. Ni wa Jerskin Fendrix, aliyefanya wa Poor Things, na safari hii ni kinanda kinachopigwa noti moja moja kwa nguvu kama mtu anagonga mlango kwa kidole, halafu kwaya inaingia juu. Mara ya kwanza uliniudhi, mara ya pili nikaelewa kwamba ndo kitu pekee kwenye muvi kinachoruhusiwa kupaza sauti. Muvi imepigwa New Orleans, lakini usitegemee mitaa ile ya ngoma na tarumbeta, ni maofisi, maegesho ya magari, hospitali, vyumba vya moteli, jua kali na kijani kibichi nje ya dirisha. Robbie Ryan ndo mpiga picha na anajua kumfanya mtu aonekane mdogo ndani ya chumba chake mwenyewe.

Stori ya pili hapa ndo mume wangu alinyanyuka akaenda kulala. Plemons sasa ni Daniel, askari polisi, mke wake Liz ambaye ni Emma Stone amepotea baharini. Anaokolewa, anarudi nyumbani, kila mtu anafurahi isipokuwa Daniel, maana huyu aliyerudi anakula chokoleti na Liz alikuwa haipendi, viatu vya Liz vinambana, paka anamwangalia vibaya. Daniel anaamini huyu siye. Mwanzo wake ni mtamu sana, sisi tumekua na hadithi za jini kuvaa umbo la mtu, bibi yangu Bagamoyo alikuwa anatusimulia hizo mpaka tunaogopa kwenda chooni usiku, kwa hiyo nilikaa vizuri kwenye kiti nikijua hii nitaipenda. Na Lanthimos hasemi kama ni kweli au Daniel kichwa kimeharibika, anakuacha katikati, hilo nalo limekaa vizuri.

Halafu Daniel anagoma kula chakula chake. Anamwambia Liz nina njaa, nikatie kidole chako unipikie na koliflawa. Anakiomba kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeomba chumvi. Na Liz anakwenda jikoni, anakata. Kamera haiondoki haraka, inakaa pale kwenye ubao wa kukatia na kisu na ule mkono, na mi mtu ambaye nakata vitunguu kila siku kwenye ubao wa aina ile ile nilihisi kwenye vidole vyangu mwenyewe. Baada ya hapo anaomba ini. Na ini anapewa. Liz yuko sakafuni amekufa, kengele ya mlango inalia, na mlangoni amesimama Liz mwingine, mzima, anatabasamu, wanakumbatiana.

Wapo wanaosema hiyo ni ya kushtua tu bila maana. Sikubali kabisa. Kabla ya hapo Liz anamsimulia baba yake ndoto ya kisiwa ambako mbwa ndo wanatawala na watu ndo wanafugwa, na anasema amejifunza kule kwamba bora upende kile ambacho hakiishi kuliko kulilia kile kitamu ambacho kimeisha. Ukiunganisha hiyo na kidole unamwona mwanamke aliyerudi kutoka kwenye kifo akiwa ameshaamua atakula chochote anachopewa ilimradi asiachwe. Wanawake wa hivyo nawajua, wewe pia unawajua, hawakati vidole lakini wanakata. Na zile picha za mwishoni za mbwa wanaendesha magari na kuishi kama watu ni nzuri, zinachekesha na zinatisha kwa pamoja, nilizirudia. Ila kuna kitu kilianza kunikaa vibaya hapo na sikukijua ni nini mpaka stori ya tatu.

Stori ya tatu Emma Stone ni Emily, ameacha mume na mtoto wake wa kike akajiunga na kikundi cha imani kinachoongozwa na Dafoe na Hong Chau. Kikundi kinaamini katika usafi, wafuasi wanakunywa maji yaliyotiwa machozi ya viongozi, na hawaruhusiwi kulala na mtu yeyote zaidi ya viongozi hao wawili. Emily na mwenzake, Plemons tena, wanazunguka na gari la zambarau wakitafuta mwanamke mwenye uwezo wa kufufua wafu. Hiyo sehemu ya kuzunguka ni nzuri, kuna mochwari, kuna kupima urefu na uzito wa wasichana kama wananunua kitambaa, Stone anaendesha gari kama anataka kulivunja.

Halafu mume aliyeachwa anamkaribisha Emily nyumbani, anamtilia dawa kwenye kinywaji na kumbaka akiwa hajitambui.

Hapo ndipo nilipozima. Nilirudi baada ya kama nusu saa, nikaendelea, nikiamini kwamba basi sasa muvi itabadilika, itasimama na huyu mwanamke hata kwa dakika tatu. Haisimami. Kikundi kinamkuta, kinamwambia amechafuka, wanamweka kwenye chumba cha mvuke atoe jasho halafu wanalionja jasho lake kuona kama ni safi, anafukuzwa, na stori inaendelea na safari yake ya kumtafuta mfufuaji kana kwamba kilichotokea kule ni kama tairi kupasuka njiani. Najua jibu la wanaomtetea, kwamba barafu ndo mtindo wake, kwamba kutolia ndo kunakufanya wewe mtazamaji ulie. Kwenye stori ya kwanza jibu hilo ni la kweli kwa sababu muvi nzima ilikuwa inamwangalia Robert, kila sekunde ya maumivu yake ilihesabiwa. Hapa ubakaji umetumika kama ufunguo wa kufungulia mlango wa kipande kinachofuata. Mwandishi alihitaji Emily afukuzwe, akatafuta njia, akachukua hiyo, na hakuiangalia tena.

Na ndipo nikaelewa kile kilichonikaa vibaya toka mwanzo. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua sheria, steringi hafi. Basi hesabu: Plemons anatoka mzima mara tatu. Mke wa Robert ananyweshwa dawa za kutoa mimba miaka na miaka bila kujua, halafu anatoweka kwenye stori na hatusikii tena anaishije. Liz anakatika vipande. Emily anabakwa. Qualley kwenye stori ya tatu ni mapacha, mmoja anajirusha kwenye bwawa la kuogelea lisilo na maji ili mwenzake atimize sharti la kikundi kwamba mfufuaji awe pacha aliyefiwa na mwenzake, na huyo mwenzake anarushwa nje ya kioo cha gari anakufa baada ya kutekwa na kulazimishwa kufufua mtu. Mwanaume anayelipa ni mmoja tu, yule R.M.F. ambaye jina lake liko kwenye vichwa vya stori zote tatu, ndo yule aliyegongwa na Robert, anauawa kwenye ya kwanza, anarusha helikopta kwenye ya pili, anafufuliwa kwenye ya tatu na mwisho anakaa anakula sandwichi anajimwagia tomato sosi kwenye shati. Yaani hata huyo anarudishiwa uhai. Sisemi Lanthimos anachukia wanawake, aliyetengeneza The Favourite siwezi kumwambia hivyo, lakini hapa mwili wa mwanamke umekuwa kama kuni, ukiisha moto unaongezwa mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Emma Stone anajitoa kwa moyo wake wote. Kuna kipande baada ya kumpata mfufuaji, kazi imefanyika, Emily anacheza peke yake nje kwenye maegesho, mikono inarushwa, miguu hovyo, furaha ya mtu ambaye anajua sasa atakubaliwa tena nyumbani. Ni ile ile furaha ya Robert kwenye kumbatio la Raymond, stori mbili zinagusana hapo, na kama muvi ingekuwa imembeba Emily vizuri toka nyuma ningelia pale. Nilimwangalia anacheza nikawa namfikiria yule wa kitandani aliyetiliwa dawa ambaye hakuna aliyemuuliza kitu.

Kwa anayetaka kuiangalia: usikae dakika 164 mfululizo. Mara ya kwanza niliimaliza yote usiku mmoja, ukitoa ile nusu saa ya barazani, na stori ya tatu iliniingia nikiwa nimeshachoka, nikadhani labda uchovu ndo umenifanya niione mbaya. Mara ya pili niligawa usiku tatu, kila usiku stori moja, maana kila moja ina majina yake ya mwisho kabisa na inafungwa. Ya kwanza ilipanda zaidi. Ya pili ilipanda, nikaona vitu kama vile Daniel anavyoshika mikono ya watu kazini. Ya tatu ilishuka, na safari hii sikuwa na uchovu wa kusingizia. Na usiangalie na wazazi wala watoto wala shemeji, kuna uchi wa wazi, kuna video ya marafiki wanne kitandani inayochezwa sebuleni mbele ya wageni, kuna damu ya karibu. Aliyepitia ubakaji aruke ya tatu nzima, hakosi kitu kinachostahili kile atakachokipata. Na kama hujawahi kuona kazi yoyote ya huyu bwana usianzie hapa, anza na The Favourite, halafu The Lobster, ukiona barafu unaiweza ndo uje.

Alama sitoi, maana nikiweka tisa kwa ya kwanza na tatu kwa ya tatu halafu nikagawanya nitapata namba ambayo haifanani na chochote nilichohisi. Dada yangu anakuja Ijumaa, naye alifanya kazi pale pale nilipofanya, alibaki miaka miwili baada yangu. Nimeshamwambia tutaangalia stori moja tu, ya Robert, na simu zote mbili tutaziweka chumbani.